Maji ya miguu yamekwenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Katika hadithi ya wanawake wenye pembe mliyoichapa kwenye ukurasa wa watoto, wachawi wanarudi usiku wa manane, wanasimama nje na kupaza sauti, "Fungua! Fungua!" Mlango haufunguki, nao wanakwenda zao. Mtoto mwepesi wa kuuliza atauliza: umezuiwa na nini? Jibu limo katika hadithi yenyewe, na ndilo alilolikata mfasiri wenu, nadhani kwa kuona ni mambo ya jikoni yasiyo na uzito. Ninaandika kwa sababu kosa hilo limejirudia katika hadithi zote nne za Wakelti, watu wa Ayalandi, Uskoti na Welisi, mlizotuletea, na wiki ijayo mmetuahidi ya tano.

Niirudie ya pembe ilivyo. Mama mwenye nyumba amekesha akichambua sufu, watu wote wamelala. Anabishiwa hodi. Anafungua, anaingia mwanamke mwenye pembe moja kwenye paji la uso, ameshika vyanuo viwili vya kuchambulia sufu. Wa pili ana pembe mbili na gurudumu la kusokotea nyuzi. Wanaingia hivyo hivyo hadi wa kumi na mbili, mwenye pembe kumi na mbili. Wanakaa karibu na moto, wanachambua, wanasokota, wanafuma, huku wakiimba wimbo wa kale, na mama hawezi kuinuka wala kupiga yowe. Kisha wanamwamuru awaokee mkate. Anatafuta chombo cha kutekea maji, hakioni. Wanamwambia achukue chekeche.

Tafsiri yenu inasema mama "alipata shida kuteka maji lakini akasaidiwa na sauti ya ajabu." Alisaidiwaje? Sauti iliyotoka kisimani ilimpa kanuni: achukue udongo wa njano na kuvumwani, yale majani laini yaotayo kwenye mawe yenye unyevu, avichanganye, akandike chekeche hadi lishike maji. Yeyote aliyewahi kuona nyumba ikikandikwa anaelewa kwa nini ni vitu viwili. Udongo ndio unaoziba, lakini ukiwa peke yake na kulowa huteleza na kumeguka. Nyuzinyuzi ndizo zinazoushika, kama nyasi katika udongo wa kiambaza. Msimuliaji hakuokota vitu viwili ovyo. Alikuwa akiwasimulia watu waliojua kazi hiyo.

Sauti inaendelea: rudi, ukifika pembe ya kaskazini ya nyumba ulie mara tatu kwamba mlima wa wanawake wa Kifenian, watu wa kundi la kale la mashujaa wa Ayalandi, na mbingu iliyo juu yake vinawaka moto. Wachawi wanatoka mbio wakilia. Mlima huo upo, ni Slievenamon, katika Kaunti ya Tipperary nchini Ayalandi, na jina lake kwa Kiayalandi maana yake ni mlima wa wanawake. Mama amewapigia ukunga wa moto kwao. Mfasiri ameandika tu "aliwatisha wakakimbia."

Sasa linakuja lile lililokatwa. Kabla hawajarudi, mama anafanya mambo manne. Kwanza, maji aliyomnawishia mtoto miguu anayamwaga nje kwenye kizingiti. Pili, mkate: kumbe alipokuwa kisimani anahangaika na chekeche, wachawi waliukanda unga kwa damu waliyowatoa waliolala. (Ndiyo maana walimpa chekeche. Hawakuwa na haja na maji, walitaka akawie.) Anauvunja vipande, anamtia kila aliyelala kipande kinywani, nao wanarudiwa na uhai. Tatu, kitambaa walichokifuma anakiweka nusu ndani na nusu nje ya sanduku lenye kufuli. Nne, anakomea mlango kwa pingo la mti lililokazwa kwenye miimo yote miwili.

Wachawi wanaporudi hawamwiti mama hata mara moja. Wanaviita vitu. Wanayaamuru maji ya miguu yafungue, nayo yanajibu kwamba hayawezi, yamemwagwa chini na njia yao inaelekea ziwani. Wanaliamuru pingo, linajibu kwamba limekazwa na halina nguvu ya kusogea. Wanauamuru mkate, unajibu kwamba umevunjwa na damu yake iko midomoni mwa watoto. Vitu vya nyumbani, maji machafu ya beseni yakiwa mbele, vimekuwa walinzi wa mlango, na kila kimoja kinataja kwa nini kimeshindwa kutii. Huko mashambani Ayalandi ilikuwa desturi kutoyalaza maji ya miguu ndani ya nyumba. Yakibaki ndani, yanaweza kumfungulia mgeni asiyetakiwa. Msikilizaji wa kule aliposikia mama ameyamwaga alishusha pumzi. Msomaji wenu hakupewa hata nafasi ya kushika pumzi. Kitambaa peke yake hakiitwi wala hakijibu, ingawa mama amekiweka kwa uangalifu vile; nadhani hapo kuna mstari ulioanguka kabla hadithi haijafika kwa Lady Wilde, mwandishi wa Ayalandi aliyeichapa mwaka 1887. Joseph Jacobs, mzaliwa wa Sydney, aliichukua kwake akaitia katika mkusanyo wake wa hadithi 26 za Kikelti wa mwaka 1892, na zote nne mlizochapa zimo humo.

Hadithi ya pili, ya jitu Fin M'Coul na mkewe Oonagh juu ya kilima cha Knockmany, imeharibiwa na neno moja: keki. Jitu Cuhullin anakuja kumpiga Fin. Oonagh anazunguka kwa majirani, anaazima matawa ya chuma 21, anayakandia ndani ya unga na kuoka mikate 21. Mgeni anang'ata wa kwanza, meno mawili yanatoka. Anapewa wa pili, yanatoka mengine. Fin, aliyelazwa kwenye susu na kuvikwa kama mtoto mchanga, anapewa mkate usio na chuma na kuula wote. Sasa, Mhariri, keki ya siku ya kuzaliwa yenye krimu juu itafichaje tawa? Neno la Kiingereza lililotumika hapo, katika Ayalandi ya wakati ule, lilikuwa na maana ya mkate bapa unaookwa juu ya tawa hilo hilo. Andikeni mkate wa tawa, au chapati nene, na hila inaeleweka mara moja: chuma cha kuokea kimeingia ndani ya kinachookwa.

Kosa la pili humo ni baya zaidi. Nguvu zote za Cuhullin zimo katika kidole cha kati cha mkono wa kulia. Oonagh anajua. Anamkaribisha atie kidole kinywani mwa "mtoto" aone magego yalivyo imara, na Fin anakikata kwa meno. Tafsiri inasema Fin "alimng'ata mkono." Mkono ukiumwa jitu linapiga kelele na kupona. Msomaji wa pwani anamjua Fumo Liyongo, asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba ya kitovu. Nani angethubutu kuandika kwamba Liyongo alichomwa na kitu mwilini?

Kwa kupita tu: Cuhullin huyu ametolewa kwake. Cú Chulainn wa hadithi za kale ni kijana shujaa wa Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, wa enzi za mfalme Conchobar, na Fionn, yaani huyu Fin, ni wa kundi jingine kabisa la hadithi. Kuwakutanisha ni mzaha wa karne ya 19, ulioandikwa na William Carleton, kama mtu wa hapa angewapambanisha Liyongo na Abunuwasi. Mzaha mzuri, lakini mngeweka maelezo ya mstari mmoja ili mtoto asije akadhani Cú Chulainn alikuwa bwege.

Kuhusu neno lenyewe la viumbe wa ajabu wa hadithi hizi, wanaoitwa fairy kwa Kiingereza. Mfasiri amechagua "vimalaika," na mchoraji akawapa mabawa ya kipepeo. Mabawa hayo hayamo. Ni mapambo ya wachoraji na majukwaa ya Uingereza. Kwa Kiayalandi wanaitwa aos sí, watu wa vilima, kwa sababu wanakaa ndani ya matuta makubwa ya kale na maboma ya udongo ya mviringo yaliyotapakaa nchi nzima. Wana kimo cha watu. Wana ng'ombe, wana vita, wanacheza mpira wa magongo, na inasemekana timu zao haziwezi kucheza bila kumwazima binadamu mmoja aliye hai. Wanakijiji hawakupenda kuwataja kwa jina hilo. Walisema daoine maithe, watu wema, kwa hofu na si kwa mapenzi. Sisi hatuhitaji kufundishwa adabu hiyo. Nyoka akitajwa usiku ni kamba.

Jini? Nimelifikiria neno hilo. Lina faida kwamba msomaji wetu tayari anajua jini ana ukoo, ana makazi, anaoa na kukasirika. Lakini jini ameumbwa kwa moto na ana nafasi yake katika dini, hali wale wa Ayalandi wanakijiji waliwaeleza kwa namna yao: malaika walioanguka, si wabaya wa kutosha kuingia motoni wala wema wa kutosha kurudi mbinguni. Ukiandika jini unaondoa huko katikati. Mimi ningeandika watu wa vilimani, na mara ya kwanza nieleze maana yake kwa sentensi moja. Leprekoni ndiye aliye mdogo kweli, fundi viatu wa kimo cha chupa, naye abaki na jina lake.

Huyo leprekoni ana hadithi moja fupi ambayo mngeweza kuichapa bila kuikata hata neno. Tom Fitzpatrick anamkamata, anaonyeshwa mmea mmoja wenye dhahabu chini yake katika shamba la ekari arobaini za magugu ya maua ya njano, yale yanayowadhuru ng'ombe. Hana jembe. Anafunga ukanda wake mwekundu wa soksi kwenye mmea, anamwapisha leprekoni asiufungue, anakimbia nyumbani. Anarudi, kila gugu katika ekari zote arobaini lina ukanda mwekundu. Kiapo hakikuvunjwa. Tom aliapisha juu ya kufungua, akasahau kuapisha juu ya kufunga. Wakili yeyote atacheka.

Ya ganda la yai ndiyo iliyonifanya niweke gazeti chini. Mama wa Treneglwys, huko Welisi, ana mapacha. Anatoka kidogo kwenda kwa jirani, anarudi, anapishana njiani na watu wafupi waliovaa bluu mchana kweupe, na tangu siku hiyo watoto hawakui. Anashuku kwamba wake wameibwa na kuachiwa wengine. Mganga wa Llanidloes anamwambia hivi: mavuno ya nafaka yakiwa tayari, toa kilichomo ndani ya yai la kuku, pika uji ndani ya ganda, uupeleke mlangoni kana kwamba ndicho chakula cha mchana cha wavunaji, kisha sikiliza. Tafsiri yenu inasema: "Mama alichemsha mayai." Kuchemsha mayai kuna ajabu gani? Ganda la yai linashika kama vijiko vitatu vya chakula. Kuwapikia wavunaji wa shamba zima ndani ya ganda ni upuuzi mkubwa kiasi kwamba hata kiumbe mwenye mamia ya miaka anashindwa kuuzuia ulimi. Ndivyo ilivyo: wachanga wanasema wameiona mbegu kabla ya mwaloni na yai kabla ya kuku, lakini hawajaona ganda la yai likiwapikia wavunaji. Wamejitaja umri. Mtego si yai, mtego ni mshangao. Mama anawabeba kuwatupa ziwani Llyn Ebyr, wenyewe wanatokea kuwaokoa walio wao, na mapacha halisi wanarudishwa.

Na hii, Mhariri, nisingeichapa kabisa kwenye ukurasa wa watoto, au ningeichapa pamoja na maelezo kwa wazazi. Miaka mitatu tu baada ya kitabu cha Jacobs, Machi 1895, katika kijiji cha Ballyvadlea, Tipperary, mshonaji nguo Bridget Cleary aliugua. Mumewe Michael aliamini kwamba aliyelala kitandani si mkewe bali aliyebadilishwa. Alinyweshwa dawa za majani yaliyochemshwa na maziwa, akahojiwa mbele ya ndugu na majirani kama yeye ni yeye, mwisho akachomwa moto. Michael alikwenda kukesha kwenye boma la udongo la Kylenagranagh akiwa na kisu cha mpini mweusi, akingoja mkewe wa kweli atoke amepanda farasi mweupe amkate kamba. Alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akakaa gerezani miaka 15. Ni mlima ule ule wa wanawake wenye pembe unaoonekana kutoka pande hizo. Msomaji wa Kanda ya Ziwa, anayejua vikongwe wameuawa kwa wekundu wa macho ulioletwa na moshi wa jikoni, hahitaji kuelezwa hadithi inaweza kushika mkono wa nani.

Hilo halinifanyi nizichukie hadithi hizi. Linanifanya nitake zichapwe zote, na mahali pake.

Ya Mti-Dhahabu na Mti-Fedha ndiyo bora kuliko zote nne, nayo mmeifanyia jambo ambalo sikulitarajia kwa gazeti la Kiswahili. Mti-Fedha ni malkia, Mti-Dhahabu ni binti yake wa kumzaa, si wa kambo. Kila mwaka mama anamwuliza samaki wa kisimani nani mzuri kuliko wote, samaki anamtaja binti. Mama anajilaza mgonjwa, anataka moyo na ini la binti yake ndipo apone. Baba anampa vya beberu na kumwoza binti kwa mwana wa mfalme wa ng'ambo. Samaki anasema bado yu hai. Mama anashika usukani wa jahazi mwenyewe, anamfuata. Binti amejifungia chumbani, mama anamwomba apitishe kidole kidogo kwenye tundu la ufunguo akibusu, anakichoma kwa mwiba wenye sumu. Binti anaanguka kama mfu, lakini mwili hauozi. Mume anauweka chumbani na kufunga mlango.

Kisha anaoa mke wa pili. Siku moja anasahau ufunguo, mke mdogo anafungua, anamwona yule mzuri amelala, anaona mwiba kidoleni, anautoa. Mti-Dhahabu anainuka. Mume anaporudi, mke mdogo anamwambia: mkeo wa kwanza amerudi, mimi nitakwenda zangu. Mume anasema la, nitakaa nanyi wote wawili. Na mama anapokuja mara ya mwisho na kinywaji cha sumu, ni mke mdogo anayempokea ufukweni na kumwambia kwamba desturi ya nchi hii ni mleta kinywaji aonje kwanza. Anaponyanyua kikombe mdomoni, mke mdogo anakisukuma. Mama anakufa kwa sumu yake. Mume na wake zake wawili wanaishi kwa amani na furaha, msimuliaji anasema aliwaacha huko huko.

Katika tafsiri yenu mke mdogo amegeuzwa "mjakazi mwaminifu." Kwa nini? Vitabu vya watoto vya Ulaya vilimwondoa kwa aibu, hilo naelewa. Lakini gazeti hili linasomwa Tanga, Lamu, Ujiji na Muscat, na wasomaji wake wanajua uke wenza ni nini, utamu wake na uchungu wake. Hata huko kwenyewe haikuwa ajabu zamani: sheria za kale za Ayalandi zilimtambua mke mkuu na mke wa pili, kila mmoja kwa jina lake na haki zake. Sisi tumezoea nyimbo ambamo mke mwenza ni nge. Hapa imepatikana hadithi kutoka visiwa vya Uskoti, iliyochapwa mwaka 1888 kwa Kigaeli na Kiingereza kutoka kwa Kenneth MacLeod mzaliwa wa Eigg, ambamo mama mzazi ndiye nge na mke mwenza ndiye anayetoa mwiba. Anautoa akijua anaweza kupoteza nafasi yake. Mjakazi hapotezi kitu. Mkimwita mjakazi mnafuta tendo zima.

Mtaniambia kwamba nafasi ni ndogo. Najua. Ila hadithi hizi kwa asili hazikuandikwa na mtu mezani kwake, kwamba unaweza kupunguza maelezo ukabaki na kisa. Zilibebwa vinywani, na kinywa hakibebi mzigo usio na kazi. Kilichodumu katika hadithi ya mdomo kwa vizazi kadhaa, kama ukanda, tawa, ganda au maji ya beseni, kimedumu kwa sababu kuna kitu mbele kinachokitegemea. John Francis Campbell wa Islay alilijua hilo. Alipochapa hadithi za magharibi ya Uskoti mwaka 1860 hadi 1862, juzuu nne, aliweka Kigaeli cha wasimuliaji kando ya tafsiri ili atakayeshuku aone mwenyewe. Miaka minane baadaye, 1870, Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alifanya vivyo hivyo kwa hadithi za Zanzibar, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza wa pili. Kwa hiyo mfasiri wenu asiseme kazi hii haina kielelezo katika lugha yetu.

Waayalandi walikwenda mbali zaidi. Tume yao ya mapokeo ya wananchi iliundwa mwaka 1935, na kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule wapatao 50,000, katika shule kama 5,000, walitumwa nyumbani na madaftari wawaulize wazee. Walirudi na kurasa takriban 740,000. Watu wazima wa tume walizunguka na mashine ya Ediphone iliyorekodi sauti kwenye mitungi ya nta. Fedha zilikuwa chache, basi wakishanakili maneno walikwangua nta na kurekodi msimuliaji mwingine juu yake. Maneno yapo, sauti nyingi zimekwanguliwa. Ukisoma nakala hizo unaona walivyoandika kila neno, hata pale msimuliaji anaporudia kwa mara ya tatu maneno yale yale ya kutweka tanga. Hawakumhariri.

Na vifungio, tafadhali. Zote nne mmezimaliza kwa "wakaishi raha mustarehe." Msimuliaji wa Kiayalandi alimaliza kwa kusema kwamba wao walipita kivukoni na yeye akapita juu ya mawe, wakazama wao akafika yeye, au kwamba hiyo ndiyo hadithi yake, na kama mna uongo ndani yake, na uwemo. Lugha yetu inayo jamaa ya maneno hayo: ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Na kama mlango wa kutokea upo, wa kuingilia upo pia. Mkianza na Paukwa, mtoto atajibu Pakawa hata kama hadithi ni ya Galway. Kule nako walizisimulia usiku wa majira ya baridi, kuanzia mwanzo wa Novemba hadi Mei, na kuzisimulia mchana kulionekana mkosi. Bibi zetu walitutishia kuota mkia kwa kosa hilo hilo.

Wiki ijayo mmetangaza Munachar na Manachar, ambayo Jacobs aliipata kwa Douglas Hyde, yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Ayalandi mwaka 1938. Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa ni mnyororo mtupu. Manachar amekula matunda yote, Munachar anatafuta ufito wa kumnyongea. Ufito unataka shoka, shoka linataka kinoo, kinoo kinataka maji, maji yanataka kulungu wa kuogelea ndani yake, kulungu anataka mbwa wa kumkimbiza, mbwa anataka siagi ya kupaka kwenye kucha, siagi inataka paka wa kuikwangua, paka anataka maziwa, ng'ombe anataka mabua kutoka kwa wapuraji, wapuraji wanataka unga kutoka kwa msagaji, na msagaji anataka maji ya mtoni ndani ya chekeche. Kila kituo kinasimuliwa upya tangu mwanzo, na pumzi ya msimuliaji ndiyo inayochekesha. Wanaoijua hadithi ya Mwalimu Goso watahisi wako nyumbani: Kusi, kiambaza, panya, paka, kamba, kisu, moto, maji, ng'ombe, inzi, hadi paa anayekaa kimya. Tofauti ni kwamba wanafunzi wa Goso wanamtafuta mwenye hatia na kila mmoja anaikana nguvu yake, hali Munachar anakusanya madeni, na kila mmoja anataka kulipwa kwanza.

Mtaona chekeche limerudi. Safari hii hakuna sauti ya kisimani. Kunguru anapita juu na kulia, na katika Kiingereza cha Hyde mlio wake ni neno lenye maana ya kukandika. Munachar anamshukuru kwa ushauri, anasiliba tundu zote kwa udongo mwekundu wa ukingoni, maji yanashika. Mfasiri akiandika "kunguru alilia kwaa kwaa" amekwisha. Munachar atakuwa amepata wazo kutoka hewani. Kiswahili kinamsaidia bila gharama: "Kanda! Kanda!" Lisomwe kwa sauti ya kunguru, a ya kwanza ivutwe, na mtoto atasikia ndege na amri kwa pamoja.

Mwisho wake Munachar anarudi na ufito wake tayari, anamkuta Manachar amekwisha pasuka kwa shibe. Msiongeze kitu baada ya hapo. Mkikosa nafasi ya mnyororo wote, ondoeni picha.

Msomaji wenu,
Tanga